Kamba Sita Kupanda Mlima

Kamsamba,
18 Agosti 2024

Mpendwa Baba mdogo Fanueli,

Shikamoo. Salamu zangu zinatoka huku bondeni kwenye joto, ambako mtu anatoka kuoga saa kumi na mbili asubuhi akiwa tayari na jasho. Mimi ni mzima. Msalimie sana Mama mdogo Marita, mwambie lile sweta alilonifumia bado ninalo, ingawa huku halina kazi. Nyumbani Isansa nako ni wazima. Bibi Enesi goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mama yuko kwenye kahawa tangu Juni. Habari za Baba sikuandikii kwa sababu sijui kama utapenda kuzisoma.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu hapa shuleni haziruhusiwi. Nimeingia kidato cha sita. Mei mwakani ninafanya mtihani wa taifa, na hesabu za juu zimenishinda nguvu. Jaribio la trigonometria nimepata ishirini na saba kwa mia. Mwalimu wetu, Mwalimu Lusubilo, anajua kufundisha, ila yuko peke yake kwa madarasa manne, naye ameshaingia kwenye kalkulasi. Anasema trigonometria tulipaswa kuja nayo kutoka kidato cha tano. Mimi sikuja nayo. Fomula zote nimezikariri, lakini swali likitokea sijui niite ipi.

Bibi aliwahi kuniambia kuwa wewe ulisoma mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu, na kwamba marehemu Babu Ezron hakuwa anaagiza miche ya kahawa mpaka wewe umpigie hesabu. Ndiyo maana nimethubutu.

Baba mdogo, najua wewe na Baba hamsemezani tangu mwaka juzi. Nilikuwepo siku wapimaji walipokuja na vifaa vyao kwa ajili ya hati za kimila za mashamba. Babu alikuwa amewagawia zamani shamba sawa kwa sawa, kwa kamba ileile, Baba akapata tambarare na wewe mteremko. Karatasi ikatoka na lako limepungua robo eka. Ukasema mbele ya watu wote kwamba Baba amesogeza mpaka, na Baba akaingia ndani akafunga mlango. Sikuulizi nani mkweli. Nataka kufaulu, na katika ukoo huu sina mwingine wa kumwuliza.

Barua hii analeta dereva Timotheo, anayebeba mchele kutoka huku kuja Tunduma. Amekubali kuwa posta yetu, kwa sharti kwamba tusiandike mambo ya kumkamatisha mpakani.

Mwanao,
Atuganile


Tunduma,
8 Septemba 2024

Mwanangu Atuganile,

Marahaba, mama. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya mchele mpya, nikaisoma mara mbili kazini huku wateja wakinisubiri. Sisi ni wazima. Mama yako mdogo Marita amefurahi kuhusu sweta, anauliza kama limekubana mabega. Hapa ni vumbi na foleni ya malori, jana imefika mbali mpaka madereva wamewasha majiko chini ya matela. Kazi yangu ya uwakala wa forodha ndiyo hiyo, kuwaambia watu "kesho, mukwai", yaani kesho, mheshimiwa, kwa Kiswahili na Kibemba. Nimesikitika kusikia goti la Mama. Mwambie ajifunge kitambaa cha moto.

Sasa tuelewane. Nitakusaidia, tena kwa moyo wote, ila kwa sharti moja. Mambo ya shamba hayaingii kwenye barua hizi. Neno moja tu la shamba, nami kalamu naweka chini. Hapa tutaandikiana hesabu.

Ishirini na saba si ugonjwa. Nikikusoma, naona wewe unakimbilia fomula kama watu wanavyokimbilia dirisha la forodha likifunguliwa, bila kujua wamebeba karatasi gani. Kanuni yangu ni moja na ndiyo iliyonipitisha mimi: chora kwanza. Usiguse kikokotoo kabla hujachora. Mstari wa ardhi, mstari wa kitu, pembe iko wapi, unachokijua weka namba, usichokijua weka alama ya kuuliza. Picha ikikaa sawa, fomula itajitaja yenyewe.

Nakupa swali. Nyuma ya ofisi yetu kuna mnara wa simu. Jana kivuli chake kilikuwa mita hamsini na mbili, na jua lilikuwa digrii thelathini na nane juu ya upeo wa macho. Mnara una urefu gani? Nitumie na mchoro. Jibu lisilo na mchoro sitalisahihisha, hata kama ni sahihi.

Nimefurahi umeniandikia. Nilidhani huko nyumbani jina langu limeshafutwa.

Baba yako mdogo,
Fanueli


Kamsamba,
6 Oktoba 2024

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo wewe, shikamoo Mama mdogo. Sweta halinibani. Huku mambo ni mazuri isipokuwa maji ya bomba, ambayo yanatoka yakiwa ya moto mchana kutwa, hatuna haja ya kuyachemsha kwa chai. Bibi amejifunga kitambaa kama ulivyosema. Mama ameandika kwamba Bibi alipoambiwa wazo la kitambaa limetoka kwako alikishika muda mrefu kabla ya kukifunga, kisha akauliza kama ulisema unakuja lini. Samahani, nimekaribia kuvunja sharti.

Mnara wako kwanza niliupata una mita kumi na sita. Nikafurahi, nikapiga mstari chini. Halafu nikatazama mchoro, na mchoro ukanikatalia: kivuli hamsini na mbili, na mnara mfupi kiasi kile? Nikahangaika siku nzima. Kumbe kikokotoo changu kilikuwa kwenye radiani, si digrii. Nikakirudisha, nikapata mita arobaini na nukta sita. Mchoro umeambatanishwa, na ule mti pembeni nimeuongeza kwa raha zangu.

Baba mdogo, kilichonishtua ni kwamba nusu ya ile ishirini na saba yangu huenda iliharibiwa na kitufe kimoja. Nimeirudia karatasi yote nikichora. Nimejipa hamsini na nne, na sikujipendelea.

Sasa nina swali la kwangu, ambalo naona aibu kulileta darasani. Kosaini ni kitu gani? Najua ni upande wa pembeni gawanya kwa kiegama, ule upande mrefu wa pembetatu, nimeiimba tangu kidato cha tatu. Lakini ni nini kwa macho? Tanjenti naiona, ni ukali wa mlima. Kosaini siioni popote. Je, wewe unaiona?

Mwanao,
Atuganile


Tunduma,
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu Timotheo alipitiliza na barua yako mpaka Nakonde, ikalala Zambia wiki mbili ndani ya shati lake. Imerudi salama, haikutozwa ushuru. Sisi wazima, mvua zimeanza, vumbi limekuwa tope. Mwambie Mama nimeuliza goti lake.

Swali lako si la aibu. Mimi nilifaulu mtihani bila kuliuliza, na nimelifikiria siku tatu nikiwa kwenye foleni ya mihuri. Mama yako mdogo alinikuta uani saa sita mchana nimesimama na ufagio mrefu wa kuondolea utando wa buibui, akauliza kama kichwa kinaniuma.

Nilichofanya ni hiki, nawe ukifanye. Subiri jua lifike utosini. Shika fito ukiliinamisha. Tazama kivuli chake chini. Fito likilala kabisa, kivuli kina urefu uleule wa fito. Uliinue kidogo, kivuli kinapungua. Ulisimamishe wima, kivuli kinaisha. Fito halijabadilika hata kidogo, mwanangu, kilichobadilika ni kivuli. Basi kosaini ni hiyo: sehemu ya fito inayobaki ukilitazama kutoka juu moja kwa moja. Sikuwahi kuiona hivyo mpaka uliponiuliza, na nimefurahi kama mtoto.

Sasa kazi ya likizo. Huko bondeni hakuna mlima wa kupima, lakini Desemba utapanda Isansa. Chukua pembemaduara ya shule, ile ya kupimia digrii, funga uzi katikati, uzi ufunge kijiwe. Ukitazama kupitia ukingo wake kitu kilicho juu ya mteremko, uzi utakuonyesha digrii. Lengo lako liwe na kimo sawa na macho yako, la sivyo utapima urefu wako mwenyewe. Chagua mteremko wowote unaoupenda. Upime pembe, upime umbali kwa kamba, kisha unitungie swali mimi. Nimechoka kuwa mwalimu, nataka kuwa mwanafunzi.

Krismasi njema huko juu. Sisi tutakuwa hapahapa.

Baba yako mdogo,
Fanueli


Kamsamba,
12 Januari 2025

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Nimerudi shuleni salama. Nyumbani tulikula sikukuu vizuri, Mama alipika wali wa mchele wa huku bondeni niliobeba mimi. Bibi alitaka sahani sita ziwekwe mkekani ingawa tulikuwa wanne. Mama akaziweka. Goti lake linaendelea vizuri.

Kazi ya likizo nimeifanya. Chombo kilinikubali siku ya pili; siku ya kwanza kijiwe kilikuwa chepesi na upepo ulikichezea. Nilichomeka fito lenye urefu wa macho yangu juu ya mteremko, nikalifunga kitambaa chekundu, nikashuka chini nikatazama. Nilipima mara tatu: ishirini na tatu, ishirini na tano, ishirini na nne. Nimechukua ishirini na nne.

Umbali niliupima kwa kamba ya Babu, ile ya katani. Bado inaning'inia stoo kwenye msumari uleule, hakuna panya aliyeigusa. Niliunyoosha utepe wa fundi seremala kando yake, nikakuta ni mita ishirini kamili. Kumbe ina mafundo manane, moja kila baada ya mita mbili na nusu. Bibi alinieleza kwamba Babu hakuwa anapima kwanza halafu apande. Alikuwa anavuta kamba, na kwenye kila fundo anachimba shimo la mche. Upimaji na upandaji ilikuwa kazi moja.

Basi swali lako ni hili. Mzee alivuta kamba ya mita ishirini kupanda mlima, mara sita, kamba ikiwa imelala kwenye ardhi yenye mteremko wa digrii ishirini na nne. Mtu anayeutazama mlima ule kutoka juu moja kwa moja ataona umbali wa mita ngapi?

Jibu lisilo na mchoro sitalisahihisha.

Mwanao,
Atuganile


Tunduma,
2 Februari 2025

Mwanangu mwalimu,

Marahaba. Tumesoma barua yako kwa sauti, mama yako mdogo akiwa anachambua mboga, akacheka sana kuhusu kijiwe. Sisi wazima. Hapa mvua imepasua barabara ya nyuma na malori yote yamehamia mbele ya dirisha langu.

Hilo ni swali la kitoto, samahani. Kamba sita ni mita mia moja na ishirini, hicho ndicho kiegama. Kosaini ya ishirini na nne ni nukta tisa moja tatu tano. Jibu ni mita mia na tisa na nukta sita. Mchoro huo hapo, na mzee nimemchora na kofia. Nipe alama zangu, kisha niletee gumu.

Ila nina udadisi. Watunga mitihani wanapenda thelathini, arobaini na tano, sitini. Hii ishirini na nne yako ina harufu ya udongo. Mlima gani huo uliopima? Na sahani sita za nini, kama mlikuwa wanne?

Mtihani wa majaribio umeukaribia. Chora kwanza.

Fanueli


Kamsamba,
23 Februari 2025

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Nakupa alama zote, na moja ya ziada kwa kofia. Mimi ni mzima, joto limepungua kwa mvua lakini mbu wamefidia. Mtihani wa majaribio nimepata sitini na nane. Mwalimu Lusubilo aliniita ofisini akauliza nani ananifundisha. Nikasema ni baba yangu mdogo, kwa barua. Akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri.

Umeomba gumu, hili hapa. Nimeliandika mara nne kabla ya kulituma, na mara mbili nimelichana.

Mzee mmoja alikuwa na watoto wawili. Akawagawia shamba kwa kamba ya mita ishirini yenye mafundo manane. Mkubwa alimpa tambarare, kamba tano kwa upana na kamba sita kwa urefu. Mdogo alimpa mteremko wa digrii ishirini na nne, kamba tano kukata mlima na kamba sita kuupanda. Kwenye kila fundo la zile kamba sita alipanda mstari wa kahawa. Miaka thelathini baadaye mtu alikwenda kuhesabu visiki vya kahawa ile ya kwanza, ambavyo hakuna anayeweza kuvihamisha. Tambarare alikuta mistari arobaini na nane. Kwenye mteremko alikuta mistari arobaini na nane.

Swali, sehemu ya kwanza: je, kuna mstari ulioibwa?

Sehemu ya pili: vifaa vikipima mashamba yote mawili kutoka juu, kila moja litasomeka eka ngapi? Kwa wepesi, eka moja ni mita za mraba elfu nne na arobaini na saba.

Mlima gani umeniuliza. Sharti lako linanikataza kujibu. Sahani sita vilevile.

Mwanao,
Atuganile


Kamsamba,
6 Aprili 2025

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mdogo Marita ni wazima. Mimi ni mzima.

Timotheo amepita mara mbili tangu nikuandikie. Mara ya kwanza alisema barabara ilikuwa mbaya na hakufika ofisini kwako. Mara ya pili sikumwuliza kitu, naye akajifanya anakagua matairi. Nimejiambia ni mvua. Kisha nimejiambia ukweli, kwamba kalamu umeweka chini kama ulivyosema.

Sharti nimelivunja, najua. Sikuandika neno shamba kwa kulitaja la kwetu, lakini sisi wote wawili tunajua kuchora. Nakuomba radhi kwa kukuzunguka. Kwa hesabu yenyewe sikuombi radhi, kwa sababu niliirudia mara tisa na ni sahihi. Baba sijamwambia chochote. Ukiamua iishie kwenye barua ile, itaishia hapo.

Mtihani unaanza Mei. Kila jioni nachora. Naogopa, Baba mdogo, na sijui kama naogopa mtihani au naogopa kwamba nimekupoteza.

Mwanao,
Atuganile


Isansa,
27 Aprili 2025

Mwanangu Atuganile,

Marahaba, mama, mara nyingi. Umeshaona niko wapi. Naandika mezani kwa baba yako, kwa kalamu ya baba yako, ambayo inavuja.

Niache nikueleze kwa mpangilio. Swali lako lilifika katikati ya Machi. Nikalikalia nyumbani kwa furaha, nikachora mashamba mawili, moja limelala na lingine limeegemea. Tambarare: mia moja mara mia na ishirini, elfu kumi na mbili, eka mbili na nukta tisini na saba. Mteremko: mia moja mara mia na tisa nukta sita, eka mbili na nukta sabini na moja. Nikapiga mstari chini ya jibu. Nikawa nimeshaanza kukuandikia utani kuhusu mzee na kofia yake.

Mama yako mdogo ndiye aliyenisimamisha. Alikuja kuchukua kikombe, akaona namba, akasema, "Hiyo mbili nukta sabini na moja naijua." Akaenda kabatini akatoa hati yangu ya shamba. Akaiweka juu ya mchoro wako, akaondoka na kikombe.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na nakwambia ili ucheke, ni kukagua kama kikokotoo changu kiko kwenye radiani. Kilikuwa kwenye digrii. Nilikiwasha na kukizima. Nilitamani sana kiwe kimekosea.

Atuganile, mimi ndiye niliyekwambia kosaini ni kile kinachobaki ukitazama kutoka juu. Nilisimama uani na ufagio nikafurahi kwa kuigundua. Vifaa vya wapimaji vinatazama kutoka juu. Vilikuta kivuli cha shamba langu, vikaandika kivuli, na mimi kwa kivuli hicho nikamwita kaka yangu mwizi mbele ya watu. Nakufundisha wewe uchore kwanza, na siku ile mwenyewe sikuchora. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na karatasi, nikaona vinatosha.

Kwa nini sikukujibu? Si mvua. Niliona aibu kukuandikia wewe kabla sijamtazama yeye, na kumtazama yeye kulinichukua wiki tano. Barua yako ya Aprili ndiyo iliyonipandisha gari. Siwezi kukubali mtoto aingie kwenye mtihani akidhani amenipoteza.

Nilifika juzi Ijumaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani kuanzia Mlowo. Baba yako alikuwa anapalilia upande wa tambarare. Akaniona, akaendelea kupalilia. Nikapita moja kwa moja mpaka stoo, nikatoa kamba msumarini, nikaja nayo pale mpakani, nikasimama nimeshika ncha moja kama nilivyokuwa namshikia Baba yetu nikiwa na miaka tisa. Baba yako akaweka jembe chini, akaja akachukua ncha ya pili, akaanza kupanda mlima. Alipofika juu akageuka akasema, "Vuta, imelegea."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ndani ya miaka mitatu.

Tukapima mara sita mpaka ukingo wa juu. Kila fundo likaangukia kisiki, au mahali kilipokuwa kisiki. Kwenye kamba ya nne ndipo nilipoweza kusema. Nikamwambia nilikosea, na kwamba nilikosea huku nikijua hesabu, jambo ambalo ni baya kuliko kukosea kwa kutojua. Nikamwomba msamaha. Akauliza nimejuaje. Nikampa barua yako. Akaisoma amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, akasema hukumwambia hata neno moja likizo nzima, ulidai unapima kwa ajili ya shule. Nikamwambia ilikuwa kwa ajili ya shule.

Alitaka kunimegea ile robo eka ili karatasi zilingane. Nimekataa. Mistari ni arobaini na nane huku na arobaini na nane kule, na Baba yetu hakupanda kahawa kwenye kivuli. Jumapili hii, kabla ya kutoka kanisani, niliomba nafasi nikasimama mbele ya watu walewale niliowaambia uongo, nikaufuta kwa mdomo wangu mwenyewe. Mzee mmoja aliuliza kosaini ni nini. Nikaomba fito, lakini mchungaji akasema muda umekwisha.

Bibi yako amenishika mkono tangu nifike, na akiuachia ni kwa ajili ya kula. Jioni aliagiza sahani. Sasa najua mbili zilizobaki wazi siku ya Krismasi zilikuwa za nani, yangu na ya Marita, naye anafika kesho.

Kuhusu mtihani sina jipya la kukufundisha. Kagua kitufe cha digrii. Ukikuta swali ambalo halina picha, litengenezee. Usipoliweza, ruka, utalirudia. Ukipata daraja la kwanza nitafurahi, na ukipata jingine hili ulilofanya halipunguki.

Baba yako anasema yeye si mtu wa barua, kisha amenyoosha mkono akitaka kalamu. Nampisha.

Baba yako mdogo,
Fanueli


Atuganile.

Mdogo wangu yuko hapa, anakula. Amechora mpaka kwenye ukuta wa stoo kwa mkaa, sijamkataza.

Fanya mtihani wako kwa utulivu. Ukimaliza njoo, mteremko umekomaa na tunahitaji watu wa kuchuma.

Babako,
Shadrack